Uzi: Vitu vilivyotundikwa shingoni mwa watu, kuanzia kongwa hadi kibao cha shuleni

Mamkubwa_Tandika ameandika:

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie akitulia.

Jumanne iliyopita nilikuwa namwogesha mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka saba, yuko darasa la pili, anaishi kwangu tangu mama yake ahamishiwe mkoani. Dodoki lilipofika nyuma ya shingo akaruka. Nikamgeuza kwenye mwanga, nikaona mstari mwekundu, mwembamba, umetoka bega hadi bega kama ngozi iliyochunwa na kamba. Nikadhani amepigana. Nikamuuliza, kimya. Nikamuuliza tena, kimya. Mara ya tatu akasema, "Ni kibao, Mamkubwa."

Shule anayosoma wanafundisha kwa Kiingereza. Mtoto akisikika anasema Kiswahili anavishwa kipande cha plaiwudi chenye kamba ya katani, na kwenye ubao kuna maandishi ya kumweleza kila apitaye kwamba huyu ni mjinga. Anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, hapo anakivua na kumvisha yeye. Mwanangu alikuwa amewaambia wenzake "nisubirini" wakielekea kunawa mikono. Basi. Akakivaa tangu mapumziko ya saa nne mpaka anapanda gari la shule jioni.

Nikamuuliza, siku nzima hukumsikia mtu mwingine? Akasema, "Niliwasikia wawili. Lakini ni rafiki zangu."

Sitaitaja shule. Nitakwenda, na nitaleta mrejesho. Ila kilichoninyima usingizi ni kitu kingine. Kazi yangu ni kuongoza wageni, Bagamoyo na Unguja. Mwaka wa kumi na moja huu nasimama mbele ya minyororo nikiwaeleza watu ilivyofungwa, na maneno yale nayajua hata nikiamshwa usiku wa manane. Usiku ule nilikaa kitandani nikaona kwamba nilikuwa nayasema tu.

Tuanze na kongwa. Siku hizi tunalisikia kwenye hotuba, "kongwa la ukoloni", limebaki neno la jukwaani. Kongwa ni kitu cha kushikika. Ni tawi la mti lenye panda, nene, urefu wa futi sita au saba. Shingo ya mtu inaingizwa kwenye panda, kisha chuma kinapitishwa mbele ya koo na kugongwa pande zote mbili kisichomoke. Mkia wa tawi unatangulia mbele, anaushika mtu mwingine au unafungwa kwenye kongwa la aliyetangulia. Akijikwaa mmoja mnakwenda chini wawili. Usiku huwezi kugeuka ubavu, huwezi kulala kifudifudi, unabaki kutafuta mahali pa kuegesha ule mti ili koo lipumue. Wanawake na watoto mara nyingi walifungwa kamba. Kongwa alivalishwa mwanamume ambaye nguvu zake ziliogopwa, na kila kijiji msafara ulipopita watu walimwona akiwa hivyo.

Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa, leo ni kanisa la Anglikana pale Mkunazini. Soko lilifungwa Juni 1873 Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na kabla mwaka haujaisha jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Mbele ya madhabahu kuna mduara wa marumaru sakafuni. Inaelezwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Hawakuchapwa kwa kosa. Walichapwa mbele ya wanunuzi, na asiyelia alipanda bei. Nje, bustanini, kuna shimo lenye sanamu tano za watu zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Mnyororo uliounganisha shingo zao ni wa kweli, wa zama zile. Wageni wakifika hapo hunyamaza wenyewe, sina haja ya kusema kitu.

Walipokuja Wajerumani, biashara ya watumwa ikapigwa vita, lakini chuma hakikuondoka shingoni. Adhabu ya mnyororo ilikuwa adhabu rasmi. Wafungwa waliunganishwa kwa pete za chuma za shingo, mmoja nyuma ya mwingine, na hivyohivyo wakatolewa mjini mchana kweupe kuchota maji, kufagia, kubeba mawe, askari na bunduki nyuma yao. Picha za namna hiyo ziko nyingi, na nyingine ziliuzwa kama postikadi. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga aliyekwenda sokoni kununua samaki aliweza kukutana na mjomba wake amefungwa shingo kwa shingo na wageni asiowajua.

Na kiboko. Tarehe 22 Aprili 1896 Kansela wa Ujerumani alitoa amri iliyopanga adhabu hizi. Fimbo zisizidi 25 kwa mara moja, na adhabu moja iweze kugawanywa mara mbili, katikati zipite wiki mbili. Wanawake wasichapwe, Waarabu na Wahindi wasichapwe, Mzungu awepo kusimamia, na kila adhabu iandikwe daftarini. Waliochapwa ni wanaume weusi. Kutokana na madaftari hayo tunajua kwamba kati ya 1901 na 1913 waliohukumiwa viboko walipita 64,000, na hao ni wa daftarini, wa mashambani kwa walowezi hawamo. Wazee wetu hawakuhitaji hesabu. Waliuita utawala wote ule "hamsa ishirini", yaani ishirini na tano.

Msije mkadhani mambo haya ni ya kwetu tu. China kwa karne nyingi walikuwa na ubao mpana wa mraba wenye tundu la shingo katikati, makosa ya mtu yamebandikwa juu yake kwenye karatasi. Ubao ulikuwa mpana kiasi kwamba mkono wa mfungwa haukuufikia mdomo wake mwenyewe. Alisimama njiani akingoja ndugu au mpita njia amlishe. Mimi hapo kwenye mkono usiofika mdomoni huwa nasimama, siwezi kupita haraka. Uingereza walikuwa na mkatale wa miguu, na walikuwa na ule ubao wa kusimama, wenye tundu tatu, ya kichwa na za mikono miwili, uliowekwa juu ya jukwaa sokoni siku ya soko ili watu wawe wengi.

Kuhusu ubao huo wa Waingereza nina mambo mawili. Julai 1703 mwandishi Daniel Defoe alisimamishwa humo siku tatu, London, kwa sababu ya kijitabu alichokiandika kuhusu watu wa kanisa. Kawaida ya umati ilikuwa kurusha mayai viza, matope, hata mizoga ya paka. Kwa Defoe inasimuliwa walirusha maua, wakauza maandishi yake palepale chini ya jukwaa na kunywa wakimtakia heri. Aprili 1780, ng'ambo ya mto, Southwark, mtu aliyeitwa William Smith alisimamishwa kwenye ubao wa aina ileile, umati ukamfanyia ukatili mpaka akafa humohumo. Mbunge Edmund Burke akasimama bungeni kuishutumu adhabu hiyo, na bado ilichukua mpaka 1837 kufutwa kabisa.

Ubao ni mmoja, sheria ni moja. Aliyetoka na uhai na aliyekufa walitenganishwa na watu waliosimama mbele yao. Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Kiboko kinauma hata ukichapiwa chumbani. Kibao cha mwanangu kikivaliwa chumbani ni ubao tu. Kimetengenezwa kwa ajili ya macho yetu, na pale shuleni wamekwenda mbali zaidi, wamempa mtoto kazi ya kumtafuta wa kumrithisha.

Hata hiyo ya kurithishana si mpya. Wales, karne ya 19, mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa kijiti chenye herufi W na N, kikahama shingo kwa shingo, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyechapwa. Brittany, Ufaransa, kitu cha kuvishwa mara nyingine kilikuwa kiatu cha mti. Okinawa, Japani, kilikuwa kibao. Wakubwa hawa wote walitaka jambo lilelile, mtoto aione lugha ya mama yake kama uchafu uliomganda.

Nawaachia uwanja. Aliyewahi kuvaa, au aliyewahi kuvisha, naomba aseme.

---

Chuma_cha_Pua ameandika:

Dada pole na mtoto. Ila niseme ukweli wangu. Nilivaa kibao mwaka mzima kidato cha kwanza, na leo Kiingereza ndicho kinachonilisha. Kulinganisha shule na utumwa umevuka mpaka. Kongwa lilikuwa la kumpeleka mtu kuuzwa. Kibao ni cha kumpeleka mtoto kwenye ajira. Tukiwalea kama mayai wataenda kushindana na nani?

---

Mjukuu_wa_Kiambu ameandika:

Mamkubwa hujambo, nakusalimu kutoka Kenya. Umenifanya niache kazi nisome.

Umefika kwa Wajerumani ukakata kona, sasa niruhusu niendeleze upande wetu, maana kitu cha shingoni hapa kwetu kilikuwa na jina, na jina hilo bado tunalitumia bila kufikiri. Kipande. Ukienda leo ofisi yoyote Kenya utaulizwa, "uko na kipande?" Wanamaanisha kitambulisho.

Sheria ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipoisha, 1919 kuingia 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alipaswa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Karatasi inakunjwa ndani ya kikopo cha chuma chenye uzi, kikopo kinaning'inia shingoni. Ukikutwa bila, faini au jela. Mzungu akikataa kukutilia saini ya kutoka huwezi kuandikwa mahali pengine, ukiondoka wewe ni mtoro. Mtu mzima mwenye wake na mashamba akawa anasimamishwa barabarani na kijana wa polisi, "toa kipande".

Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele ya mbuzi. Guka wangu, yaani babu, alikufa 1998, na mpaka mwisho hakuweza kuvumilia kitu shingoni. Si tai, si skafu, hata rozari ya nyanya aliiweka mfukoni. Tulidhani ni tabia ya uzee. Siku moja nikiwa mdogo nilimfungia mkufu wa plastiki, mchezo tu wa watoto, akaukata kwa mkono mmoja, shanga zikatawanyika uani. Halafu akapiga magoti, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akaziokota moja moja akanirudishia zote kwenye kiganja. Hakunigombeza.

Watu hawakukaa kimya. Harry Thuku alipaza sauti dhidi ya kipande na kodi, akakamatwa Machi 14, 1922. Tarehe 16 watu wakajaa mbele ya kituo cha polisi Nairobi. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru akajitokeza mbele, akainua nguo yake akawaambia wachukue gauni lake wampe yeye suruali zao. Kwetu hiyo ni laana nzito, mama kukuonyesha uchi wake. Umati ukasonga, risasi zikapigwa. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21, na Nyanjiru ni mmoja wao. Wakoloni walikuwa wametumia fedheha miaka yote, siku hiyo mwanamke akaichukua akaitumia yeye.

Kuhusu kuchapwa hadharani, Machi 14, 1907, Ewart Grogan, kiongozi wa walowezi, alichukua Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta riksho, akawaburuta mpaka mbele ya jengo la mahakama Nairobi akawachapa kiboko umati wa Wazungu ukitazama. Hakimu alijaribu kumzuia wakampuuza. Mahakama kwa kweli ilimpa kifungo, mwezi mmoja. Watatu wale walichapwa mbele ya mahakama ili wajue hata mahakama haiwafai kitu.

Na wakati wa hali ya hatari miaka ya 1950 kulikuwa na gakunia, mtu wa kuwaonyesha Wazungu nani ni Mau Mau. Mtu amefunikwa gunia mwili mzima, matundu mawili ya macho, watu wanapitishwa mbele yake foleni. Akitikisa kichwa umekwisha. Angalia ilivyogeuka, wa kipande anaonwa na wote, wa gunia anaona wote yeye haonwi.

Ndugu Chuma, mimi nimevaa diski miaka ya tisini kwa kusema Kikuyu. Mfupa wa ng'ombe uliotobolewa. Ulinuka. Kiingereza nilifundishwa na mwalimu mwingine kabisa, aliyetusomea hadithi kila Ijumaa.

---

Mamkubwa_Tandika ameandika:

@Mjukuu_wa_Kiambu, hizo shanga zimeniliza. Asante, na Mungu amlaze mzee pema.

@Chuma_cha_Pua kaka yangu, sijachukia. Ni kweli kongwa lilimpeleka mtu kuuzwa na kibao hakimpeleki mtoto kuuzwa, na sitaki mtu yeyote aseme nimeyafanya maumivu ya wale kuwa sawa na haya. Ila umenijibu kuhusu mwisho wake, mimi nauliza kuhusu namna yake. Mwanangu tangu siku ile hajaongea Kiingereza zaidi. Ameongea kidogo, basi. Mezani nikimuuliza unataka maharage au mchicha ananyoosha kidole. Kiswahili anakiogopa, Kiingereza hajakijua, amebaki na kidole.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliovaa zamani tunaupima mzigo wa watoto kwa miili yetu ya leo.

---

Fundi_Rangi_Lubumbashi ameandika:

Jambo kwa wote. Mimi nachora, na baba yangu alichora mbele yangu.

Huku Katanga, Kongo, kuna picha moja ambayo miaka ya sabini ilitundikwa sebuleni kwa watu wengi, kwa wafanyakazi wa mgodi, kwa wafanyabiashara wadogo. Kila mchoraji aliichora kwa mkono wake, Tshibumba Kanda Matulu ndiye anayejulikana zaidi, na kwenye ubao wa picha waliandika Colonie Belge, yaani Koloni la Ubelgiji. Ni uwanja wa gereza. Mtu amelala kifudifudi chini, kaptula imeshushwa, matako nje. Askari mweusi ameinua fimbo. Mzungu amesimama pembeni anaangalia, kofia kichwani. Wafungwa wenye nguo za mistari ya manjano na nyeusi wanapita na kazi zao. Nje mabibi wanangoja, wengine wanalia. Bendera ya Ubelgiji juu.

Fimbo ile ilikuwa ya ngozi ya kiboko, iliyokaushwa na kusokotwa mpaka ikawa na makali. Iliondolewa 1959, mwaka mmoja mbele ya uhuru.

Niwaambie kitu ambacho mtu asiyechora hawezi kukiona. Baba alikuwa akianza na Mzungu, anaanza na bendera, ukuta, askari. Mwenye kuchapwa alimwacha mwisho. Na uso wake hakuuchora hata siku moja. Uliangalia ardhi. Nilimuuliza sababu, akasema wanunuzi ni watu wazima, kila mmoja anajua uso wa nani uko pale. Wengi walinunua kwa sababu ya baba zao. Waliitundika palepale wageni wanapokaa. Miye naona hapo kuna kitu kwa mazungumzo yenu, maana aibu ile ilifanywa mbele ya watu, na wao wakaiweka mbele ya watu tena, safari hii kwa kupenda kwao.

---

Nduna_wa_Ruvuma ameandika:

Uzi mzuri, ila mnazungumza shingo halafu kamba ya kunyongea mmeiruka. Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Majimaji 67, na karibu wote wakazikwa kaburi moja. Kila Februari tunakwenda pale makumbusho. Isiachwe.

---

Mamkubwa_Tandika ameandika:

Isiachwe, ndugu. Niliiweka kando kwa sababu pale walitaka uhai wa mtu, nami nilikuwa nafuata vile vinavyomwacha hai ili aendelee kuonwa. Lakini umesema kweli, waliobaki Songea waliona.

---

Mwalimu_Mstaafu_58 ameandika:

Mwanangu Mamkubwa, marahaba. Umeomba aliyewahi kuvisha naye aseme. Nimefundisha miaka 34, shule za serikali na miaka ya mwisho shule ya binafsi. Nimevisha.

Nianze na sheria, maana wengi hawaijui. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilizopo, za mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na iandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Uliposema Wajerumani waliandika daftarini, nimekikumbuka kitabu chetu, jalada gumu la kijani. Nilikijaza kwa mwandiko mzuri. Jina, kosa, idadi, saini. Nilijiona mtu wa haki kwa sababu niliandika.

Kibao hakimo kwenye kanuni yoyote. Hakiandikwi popote. Kwa hiyo hakuna daftari litakalomwambia mtu kesho kwamba mwanao alivaa siku nzima.

Tulikianzisha tukiwa na nia njema, hilo naliapa. Wazazi walilipa ada kubwa, walitaka mtoto akirudi nyumbani aongee. Tulikuwa walimu kumi na moja na wenye Kiingereza cha kujiamini hatukuzidi watatu, mimi simo. Kibao kilikuwa rahisi. Kilifanya kazi ambayo sisi hatukuiweza, na hakikuhitaji mwalimu kuwepo. Watoto walichungana wenyewe. Ofisini sisi tulikuwa tunaongea Kiswahili, tumefunga mlango.

Kulikuwa na binti mmoja, mkimya, mzuri sana wa hesabu. Alikivaa kila wiki, na nilikuja kugundua kwamba hakuwa akikosea. Wenzake walikuwa wanamvisha tu, kwa sababu hasemi. Mtu asiyesema hawezi kujitetea kwamba hakusema. Nilikigundua muhula wa pili. Muhula wa kwanza wote nilipita mbele yake nikimwambia "jitahidi".

---

Chuma_cha_Pua ameandika:

Mwalimu shikamoo. Sijabadili msimamo kwamba watoto wanahitaji Kiingereza, na pesa ya Kiingereza naila, siwezi kukana.

Lakini tangu asubuhi nimekuwa najaribu kukumbuka nilichojifunza siku nilizovaa. Sikumbuki neno hata moja. Nimemkumbuka niliyemvisha. Tulikuwa tunalala kitanda cha juu na chini. Alizungumza usingizini, kwa Kiswahili, nami asubuhi nikaenda kumsema kwa kiranja ili nikivue. Kila mtu alicheka, na kiranja akakubali. Hakunisemesha tena mpaka tunamaliza.

---

Mjukuu_wa_Kiambu ameandika:

Chuma, mtafute. Siku hizi watu wanapatikana.

---

Mamkubwa_Tandika ameandika:

MREJESHO

Kwanza asanteni nyote, Mwalimu hasa. Maneno yako nimeyachapisha nikaenda nayo.

Nilikwenda shuleni Alhamisi na wazazi wengine wanne. Tulipokelewa vizuri, chai ikaja. Mwalimu wa taaluma akatueleza kuhusu mazingira ya lugha. Nikamwambia nimeelewa, naomba nikione hicho kibao. Akasitasita kidogo, akatuma mtoto akilete.

Nimeshika minyororo mingi kwenye kazi yangu, mizito, ya kilo na kilo. Hiki kilikuwa chepesi kama kifuniko cha sufuria. Ukubwa wa daftari kubwa, kona zimekuwa laini kwa kushikwa. Maandishi yamepakwa rangi nyekundu, na yamepakwa upya zaidi ya mara moja, unaona rangi ya zamani pembezoni mwa mpya. Kamba ilikuwa na mafundo matatu mahali ilipokatika ikaungwa. Mahali inapogusa shingo ilikuwa nyeusi, imeng'aa kwa jasho. Nikaipitisha kwenye vidole nikaona nywele mbili fupi zimenasa kwenye fundo.

Nilimwomba mwalimu akivae. Sikusema kwa hasira, wenzangu ni mashahidi. Nikamwambia, dada yangu, kivae tu mpaka tumalize chai. Alikichukua, akakiangalia, akakiweka mezani kwa upande wa maandishi ukiwa chini. Akasema atazungumza na mkuu wa shule. Ijumaa ujumbe ukaja kwenye kundi la wazazi kwamba utaratibu huo umesitishwa. Wazazi wawili wamelalamika kwamba viwango vitashuka, na mmoja ni jirani yangu. Kwa hiyo safari bado.

Sasa kuhusu mtoto. Jana usiku alinikuta naandika hapa akauliza ni nini. Sikutaka kumweleza habari za soko la Mkunazini, bado mdogo. Nikamweleza moja ambayo huwa nawaachia wageni mwishoni, ya Julai 1861, nyanda za Shire, Malawi ya leo. Msafara wa watumwa ulikuwa unaelekea Tete ukakutana na kundi la David Livingstone na Askofu Mackenzie. Waliokuwa wakiuongoza wakakimbilia porini. Walibaki watu 84, wengi wanawake na watoto. Waliofungwa kamba walifunguliwa upesi, kamba zikakatwa kwa visu. Wanaume ilikuwa kazi, kwa sababu ya makongwa na vile vyuma vya kooni. Bahati kwenye mizigo ya Askofu kulikuwa na msumeno. Wakayakata makongwa moja moja, polepole, jino la msumeno likipita karibu na koo.

Halafu wanawake wakaambiwa unga waliokuwa wamebebeshwa ni wao, wapike wale na watoto wao. Mwanzoni hawakuamini. Walipoamini wakatafuta kuni, na kuni zilizokuwa karibu ni yale makongwa. Wakawasha moto mkubwa wakainjika vyungu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake uko nyuma ya shingo, anajikunakuna mahali panapopona. Akaniuliza kwa Kiswahili, sentensi nzima, ya kwanza kwa siku tisa, kama na kamba nazo zilichomwa.

Nikamwambia ndiyo, na kamba pia.